Mama Pande Mbili na Wanachuo Wake Sita

Jumanne tarehe 18 Januari 2022, saa mbili na nusu asubuhi, katika darasa la nne la shule ya mazoezi iliyo ndani ya uzio wa chuo cha ualimu, mwanachuo wa kwanza kati ya sita alikuwa ameshaandika tarehe ubaoni na kugeuka kuwasalimu watoto, mlango ulipofunguliwa na Mkuu wa Chuo akaingia na watumishi wawili, akapita katikati ya madawati mpaka nyuma ya darasa, akamwambia mfinyanzi aliyekuwa amekaa pale kama mtahini, "Mama, simama, hapa ni chuo, si jikoni kwako," na watumishi wakakibeba kiti alichokalia. Mfinyanzi alisimama, akajipangusa vumbi ambalo halikuwepo, akasema, "Chukueni tu, chenyewe kinayumba, nilikuwa naogopa nisije nikaanguka mbele ya wajukuu," watoto wakacheka, na mama yangu, aliyekuwa ameketi pembeni yake, akafunga kalamu yake, akamshika mfinyanzi mkono, wakatoka pamoja.

Waheshimiwa wazee, majirani, wafanyakazi wenzake na marehemu, ndugu na marafiki, mniwie radhi kwa kuanza katikati, najua historia ya marehemu huanza na kuzaliwa, na kuzaliwa kunakuja, lakini mimi ni binti yake, mtoto wake wa pili, niliyekabidhiwa kazi hii na familia, na kila nilipojaribu kuandika sentensi ya kwanza mkono ulirudi kwenye asubuhi ile, kwa sababu wanachuo wale sita, ambao ndio hawa waliovaa mashati meupe na walioliingiza jeneza hapa uani, walirudishwa makwao siku hiyohiyo, wakaandikiwa kwamba hawakufanya mtihani, na tangu hapo mama hakuwa na shauku nyingine duniani ila moja, watu aliowafundisha miaka mitatu mpaka wakaiva waitwe walimu. Mjomba wangu, mwenyekiti wa shughuli hii, aliniambia jana, "Mwanangu, msibani watu husameheana," nami nimekusikia mjomba, nitasamehe, ila siyo kwenye kurasa hizi.

Marehemu alizaliwa Alhamisi tarehe 8 Juni 1961, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto saba wa fundi seremala na msuka mikeka, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya soko la mbao, chumba kimoja cha kulala watu na kingine cha kulala mbao, kama alivyopenda kusema mwenyewe. Kabla hajajua kusoma alikaa miguuni pa mama yake akimtayarishia miyaa, yale majani ya ukindu ya kusukia, na kwa kuwa bibi alisuka kwa miyaa minne minne, mtoto naye alihesabu nne, nane, kumi na mbili, akafika mia bila kujikwaa, wakati wenzake mtaani bado wanabishana baada ya tisa inakuja nini.

Alianza darasa la kwanza Januari 1968, na wiki hiyohiyo mwalimu wa hesabu alimchapa viboko viwili vya mkononi kwa sababu alihesabu nne nne badala ya moja moja, akamwambia mbele ya darasa, "Huo ni ushamba wa kwenu, hapa tunahesabu kisomi." Mama hakuwa mtu wa kusahau, na hili nalisema kama sifa. Alimaliza elimu ya msingi mwaka 1974, sekondari mwaka 1978, kidato cha sita mwaka 1980, akasoma ualimu kuanzia 1981 hadi 1983, akafundisha shule ya msingi miaka tisa, akaenda chuo kikuu mwaka 1992, akapata shahada ya elimu mwaka 1995, na mwaka 2005, akiwa tayari mkufunzi anayefundisha walimu wengine, alimtafuta yule mwalimu wa viboko, akamkuta mstaafu anayemwagilia mchicha, akampa shikamoo, akamwomba aje chuoni kila mwaka kuwaeleza wanachuo wapya jinsi alivyomchapa mtoto aliyekuwa anajua. Mzee alikuja miaka sita mfululizo mpaka alipofariki, mwaka wa kwanza alitokwa na machozi, kufika mwaka wa nne alikuwa anaisimulia vizuri kuliko mama na ameanza kuitia chumvi, viboko vimekuwa vitano, na mama hakumsahihisha, alikaa mstari wa mbele akisikiliza kwa raha zake.

Katika chuo cha ualimu, kuanzia 1981, mama alikaa dawati moja na kijana mmoja mchangamfu, mwenye maneno mengi na hesabu chache, aliyekuwa akinakili majibu yake kwa idhini yake, na kijana huyo ndiye leo Mkuu wa Chuo, aliyekaa safu ya pili hapo mbele, karibu baba mdogo, maana ndivyo nilivyofundishwa kumwita tangu nikiwa na meno ya utoto.

Kuhusu ndoa, marehemu alifunga ndoa Jumamosi tarehe 17 Desemba 1988 na baba yetu, fundi redio, aliyeitwa shuleni kwake kutengeneza kipaza sauti, na kwa maelezo yake mwenyewe baba ugonjwa ule wa kipaza sauti ulikuwa mdogo, waya mmoja umelegea, lakini alirudi kuutibu kila wiki kwa muda wa miezi minne, mpaka mwalimu mkuu akamwambia, "Fundi, ama utengeneze hiki kipaza ama upeleke posa." Msimamizi wa bwana harusi alikuwa baba mdogo huyohuyo, na hotuba yake, wazee waliokuwepo wanasema, ilikuwa ndefu kuliko ndoa. Walijaliwa watoto wawili, kaka yangu, fundi umeme, aliyezaliwa tarehe 3 Machi 1990, na mimi, niliyezaliwa tarehe 21 Julai 1996, nikasomea takwimu, na zaidi yetu mama alimlea kwa mapenzi yaleyale mtoto wa dada yake, ambaye ndiye aliyewapokea leo pale mlangoni.

Kuhusu kazi, aliripoti chuoni tarehe 2 Oktoba 1995 kufundisha hesabu na sayansi, na Septemba 2004 alianzisha utaratibu ambao ndio uliompa jina la Mama Pande Mbili, ambao nitaueleza taratibu kwa sababu wengine wenu mmeusikia kwa masimulizi ya watu wasioujua. Kila mwanachuo alisoma mtaala wa kawaida kama wenzake wote, kisha kwa muhula mzima alikaa na mtu mwenye ujuzi wa kurithi, mfinyanzi, mfuga nyuki, msuka mikeka, mkunga, akashika kazi kwa mikono yake, na mwisho akaingia darasani kwa watoto kufundisha somo moja ambalo ndani yake maarifa ya kitabuni na maarifa ya yule bwana au bibi yanafanya kazi pamoja, huku nyuma wamekaa watahini wawili, mkufunzi na mwenye ujuzi, hawaruhusiwi kunong'onezana mpaka somo liishe, na mwanachuo hakufaulu mpaka wote wawili wakubali. Mmoja akikataa, somo linarudiwa. Utaratibu huo haukuwa wa kubembelezana, mfuga nyuki aliwahi kumwangusha mwanachuo aliyekuwa wa kwanza katika kila karatasi, na mama aliwahi kubishana na mfinyanzi siku nzima, mfinyanzi akishikilia kwamba chungu hupasuka kwa jicho la mtu, mama akisema, "Bibi, jicho sijalipima, maji nimeyapima," na mfinyanzi akamjibu, "Basi lipime, wewe si una shahada?" na kesho yake wakakutwa wawili hao wamechuchumaa uani kwetu na mizani ya jikoni, wanapima uzito wa vyungu kimoja kimoja kabla na baada ya kukauka. Kwa miaka kumi na saba walihitimu kwa njia hiyo walimu mia mbili na sita, nimewahesabu mwenyewe, na wengi wao wapo hapa.

Baba mdogo alipewa ukuu wa chuo Aprili 2016, mama akampikia, akamshonea suti, akamwambia, "Sasa hivi tutakwenda mbali," na kwa muda walikwenda. Kisha Novemba 2021 kulikuwa na mkutano mkubwa wa wakuu wa vyuo, baba mdogo akaenda, na huko akaeleza kwa ufasaha wake unaojulikana mpango mpya wa kuchanganya elimu ya asili na elimu ya shule, mpango alioubuni yeye, utakaoanza chini yake Julai 2023, akaonyesha na picha, mfinyanzi akiwa na chungu, chini yake pameandikwa "mama wa kijijini", wakati mfinyanzi hajawahi kuishi kijijini na picha ilipigwa ukumbini kwetu. Mama alikuwemo katika picha ile, amekatwa, na kama ukiitazama vizuri upande wa kushoto utakiona kiwiko chake, hicho ndicho pekee alichoshindwa kukiondoa. Tangu siku ile mpango wa zamani ukawa mzigo kwake, maana huwezi kubuni mwaka 2023 kitu ambacho watu bado wanakifanyia mtihani mwaka 2022, na hiyo ndiyo sababu, sababu yote, ya kilichotokea siku ile ya Januari. Mama akahamishiwa bohari kusimamia madawati mabovu. Alipoulizwa na wenzake anaendeleaje huko alisema, "Vizuri, madawati hayasemi uongo."

Aliandika malalamiko, akajibiwa kwamba yanashughulikiwa, akaandika tena, akaenda mwenyewe ofisi ya mitihani kwa basi la alfajiri, akaketi kwenye benchi la korido mpaka wafagiaji wakamzoea, na tarehe 6 Februari 2023 ofisi ya mitihani ikaamua kwamba wanachuo wale sita watahiniwe upya kwa utaratibu uleule, mbele ya watoto wa kweli na mkaguzi, mwanzilishi wa utaratibu akiwa mtahini mwenyewe ana kwa ana, na jambo hilo liwe limekwisha kabla ya tarehe 30 Juni, baada ya hapo shauri linafungwa moja kwa moja. Chuo kilitakiwa kupanga siku. Kilipanga Machi, kikaahirisha, kikapanga Aprili, kikaahirisha, kikapanga Mei, kikaahirisha, kila mara kwa heshima, kila mara sababu ni afya ya mtahini, tunamtakia nafuu.

Maana mama alikuwa anaumwa. Oktoba 2022 miguu ilianza kuvimba, akawa anapumzika katikati ya ngazi anajifanya anatazama mandhari, na tarehe 11 Novemba daktari wa moyo alitueleza kwamba moyo wake umetanuka na unachoka kusukuma damu. Alilazwa mara tatu, mara ya mwisho tarehe 29 Mei 2023, wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani, akiwa anapumulia mtungi wa oksijeni. Alhamisi tarehe 15 Juni, saa kumi jioni, baba mdogo alikuja kumwona na mfuko wa machungwa, akakaa, akamshika mkono, akamwambia, "Dada, wewe pumzika tu, shule zimefungwa, watoto wa kufundishwa hakuna, mambo ya chuo yatasubiri mpaka upone," kisha akatoka, na kwenye korido akamwuliza muuguzi wa zamu kwa sauti ya chini, "Kwa makadirio yenu ana siku ngapi?" Muuguzi huyo hapo amekaa, amevaa kitambaa cha bluu, na amenipa ruhusa ya kusema.

Siku iliyofuata nimeiruka kwa makusudi, nitairudia. Marehemu alifariki dunia Jumatatu tarehe 19 Juni 2023, saa nane na dakika kumi mchana, akiwa na umri wa miaka sitini na miwili na siku kumi na moja, mkono wake mmoja akiwa ameushika baba na mwingine mfinyanzi, ambaye hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba saa za kuona wagonjwa zimekwisha.

Familia inamshukuru daktari wa moyo, aliyetwambia ukweli kila mara hata tulipokuwa hatuutaki, wauguzi wa wodi ya wanawake na wa wodi ya watoto, majirani wa mtaa wetu walioleta viti, maji na mabega, kaka aliyekesha na mgonjwa bila kulalamika, walimu wote waliopita mikononi mwake, na wafanyakazi wenzake wa chuoni, hasa wale waliokuwa wakija bohari kumsalimia huku wakitazama nyuma. Chuo kimeleta shada lililoandikwa "Mshiriki wetu mpendwa", linaonekana pale, na kimeleta pia historia yake ya kurasa mbili ili isomwe badala ya hii, mjomba aliisoma yote, kisha akaniuliza, "Huyu marehemu wao ni nani, tunamfahamu?" Tunashukuru kwa karatasi.

Sasa Ijumaa. Alhamisi ile, machungwa yalipowekwa mezani na mlango ukafungwa, mama aliniuliza, "Wodi ya watoto iko ghorofa ya ngapi?" nikamwambia ya chini, akasema, "Wale si wa kweli?" Jioni ile nilipiga simu kwa wote sita, kwa mfinyanzi aliyewafunza wote hao, na kwa mkaguzi wa ofisi ya mitihani, nikamweleza kila kitu pamoja na swali la korido, akasema, "Kesho saa tatu nitakuwa hapo." Daktari alikataa, kisha akauliza dakika ngapi, kisha akakataa tena, kisha akatafuta kiti cha magurudumu.

Kwa hiyo asubuhi ya Ijumaa tarehe 16 Juni, saa tatu kamili, mama aliogeshwa, akavalishwa gauni lake la kazi juu ya nguo za hospitali, baba akausukuma mtungi wa oksijeni kama mtu anayesukuma redio ya thamani, na katika wodi ya watoto, mbele ya watoto kumi na tisa waliokaa vitandani na mikekani, wanachuo walifundisha mmoja baada ya mwingine, somo moja robo saa, mkaguzi amesimama dirishani, mama na mfinyanzi wamekaa nyuma bila kunong'onezana. Watatu wa kwanza walifaulu. Wa nne, kijana mrefu pale upande wa kulia wa jeneza, alifundisha jinsi ya kujua chungu kimekauka na kiko tayari kwa moto, unakigusisha shavuni, kikiwa cha baridi bado kina maji, watoto wakafurahi kujigusisha vipande vya udongo, mfinyanzi akakubali, na mama akakataa, akasema amewapa watoto shavu, hajawapa sababu, kwa nini chenye maji kiwe cha baridi. Wa tano na wa sita walifaulu. Muuguzi alikuwa ameshakuja mara mbili kumrudisha mama kitandani, midomo yake ilikuwa imebadilika rangi, na mfinyanzi akamwambia, "Mpe tu mtoto wa watu, mwenyewe unaona hali yako," mimi nikasema mpe mama, baba akasema mpe mama watoto, hata mkaguzi akatazama saa yake kwa namna ya kutaka kusaidia. Mama akasema, "Sijawahi kumpa mtu darasa kwa huruma, na huyo anayesubiri nife anataka nianze leo, apate la kusema. Rudia."

Kijana akarudia. Safari hii aliacha udongo, akamwendea msichana mdogo mwenye homa aliyekuwa na kitambaa chenye maji kwenye paji la uso, akamwuliza kitambaa hicho kinamfanya ajisikie vipi, mtoto akasema baridi, akauliza nesi akikiweka kinakuwa na maji, na baadaye je, mtoto akasema kinakauka, akauliza maji yanakwenda wapi, na yanapokwenda yanaondoka na nini, na mvulana mmoja mwenye mguu wa plasta akapaza sauti, "Yanaondoka na joto! Ndiyo maana chungu kinakuwa baridi, maji yanaliiba joto la shavu!" Mfinyanzi akapiga paja lake, akasema hilo hata yeye hakuwahi kuambiwa, mama akainua kidole gumba kwa sababu pumzi za kusema zilikuwa zimekwisha, na mkaguzi akaandika matokeo hapohapo juu ya kabati la dawa.

Baba mdogo, ofisi ya mitihani imeyathibitisha jana saa tisa alasiri, wote sita ni walimu, wamehitimu kwa utaratibu ulioanzishwa mwaka 2004 na mama yangu, ndivyo ilivyoandikwa, kwa jina lake, na nilitaka ulisikie hapa ukiwa umekaa na watu, nikitazama uso wako. Walimu, simameni mbebe jeneza.

Wewe mama, pumzika sasa, kukosa usingizi ni zamu ya wengine.